Matundu ya Zamani

Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao za skii. Mizigo kupanda Kilimanjaro si jambo la ajabu. Imekuwa ikipanda mlima ule tangu Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889, na mara nyingi migongoni na vichwani mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa. Ajabu ni kilichofuata. Walipomaliza kupanda walizivaa zile mbao miguuni wakateremka juu ya theluji kwa kuteleza. Furtwängler huyo ni ndugu wa Wilhelm, yule mwongoza okestra mashuhuri, na jina lake limebaki kule juu, kwenye kipande cha barafu karibu na kilele. Barafu yenyewe inapungua kila mwaka. Ikiisha, sijui jina litakaa wapi.

Mimi si mtu wa theluji. Nimekulia Kilakala, Morogoro, miguuni pa Uluguru, ambako baridi kali tunayoijua ni ile ya Juni, ukungu ukiwa umekaa juu ya Lupanga mpaka saa nne asubuhi. Lakini kisa cha 1912 kiliponifikia, sikujali sana mbao. Nilijiuliza kuhusu viatu. Walivaa nini miguuni? Jibu ni kwamba enzi zile mtu wa skii alivaa buti zake za ngozi za kupandia mlima, zilezile, kisha akazifunga kwenye ubao kwa vyuma na mikanda ya ngozi. Ukibadilisha buti, unakaza mkanda au unaulegeza. Ubao haukujali mguu ni wa nani.

Leo haiko hivyo, na habari hii nimeipata kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Innsbruck na kila msimu wa baridi hufanya kazi kwenye karakana ya duka la skii zilizotumika. Ndiyo, Ulaya nako kuna mitumba. Kiatu cha kisasa cha kuteremkia mlima, anasema, ni gamba gumu la plastiki. Soli yake ina midomo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma, inayong'ang'aniwa na kifungio kilichofungwa kwa skrubu juu ya ubao. Kifungio kina sehemu ya vidole na sehemu ya kisigino, na nafasi kati yake lazima ilingane na urefu wa soli, ambao huandikwa kwa milimita ubavuni mwa kiatu: 295, 305, 315. Sehemu ya kisigino huweza kusogezwa kidogo kwenye reli yake, lakini kidogo tu. Ukinunua skii ambazo mwenye nazo alikuwa na mguu mkubwa kuliko wako, basi hazikufai mpaka kifungio king'olewe na kufungwa upya mahali pengine.

Hapo ndipo kazi ilipo. Fundi anafungua skrubu. Anaziba matundu ya zamani kwa vizibo vya mbao au plastiki na gundi, ili maji yasiingie ndani ya ubao na kuuozesha. Anaweka katikati ya soli ilingane na alama ya katikati ya skii, anaweka kigezo cha chuma, anatoboa matundu mapya yenye kina cha milimita 9 hivi. Tundu jipya lisigusane na la zamani. Kwa kawaida huacha sentimita moja hivi kati yake. Likikaa karibu mno, kipande cha ubao kilichobaki katikati hakina nguvu, na skrubu itang'oka siku ambayo mtu yuko kasi. Bado kuna kupanga nguvu ya kuachia. Kifungio hakina kazi ya kushika peke yake. Lazima pia kimwachie mtu anapoanguka. Nguvu hiyo hupangwa kwa kuangalia uzito wake, kimo chake, umri, ujuzi, na urefu wa soli uleule, kwa sababu soli ndefu ni wenzo mrefu. Ikikazwa mno, mguu unavunjika. Ikilegezwa mno, kiatu kinachomoka bila sababu. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Marekani, alibuni kifungio chake cha kuachia mwishoni mwa miaka ya 1930 baada ya kuvunjika mguu mwenyewe. Sishangai. Mambo mengi ya viatu yamevumbuliwa na watu wenye maumivu.

Mdogo wangu alinieleza yote haya kwa ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja, na katikati yake akasema: "Kaka, unamkumbuka mzee fundi wa kwetu? Huku nako ni yaleyale. Tundu la zamani halishiki."

Namkumbuka vizuri, na tena bado yupo. Anakaa kando ya barabara iteremkayo kutoka Shule ya Sekondari ya Wasichana Kilakala, ile iliyoanza miaka ya 1950 kama Marian College, chini ya masista wa Maryknoll. Ana benchi fupi, turubai la buluu, chuma chenye umbo la unyayo kilichosimikwa kwenye gogo, msharasi wenye mpini uliochongeka kwa vidole vyake mwenyewe, nta ya kupakia uzi, na kopo la gundi ambalo kila mtoto wa mtaa amewahi kukaripiwa asilinuse. Januari ndiyo mavuno yake: mabinti wanarudi shuleni na viatu vyeusi ambavyo vimeshavaliwa na dada zao wawili kabla yao.

Kuhusu matundu anayo sheria yake. Kiatu kinapobandikwa soli nyingine, soli ya mtumba iliyotoka kwenye kiatu tofauti, matundu ya uzi hayalingani. Fundi asiye na subira hupitisha msharasi katikati ya tundu na tundu. Mzee hakubali. Anasema ngozi ikitobolewa hivyo inakuwa karatasi ya stempu: ukiivuta kidogo inachanika kwa mstari ulionyooka kabisa. Yeye husogea ndani milimita chache akaanza mstari mpya, na pale ambapo ngozi haina nafasi ya kusogea, hushona kwanza kipande kingine cha ngozi kwa ndani. "Usiombe tundu la mwenzio likushikie uzi wako," ndivyo alivyokuwa akituambia tukiwa wadogo, nasi tukicheka kwa sababu zetu za kitoto.

Kwa nini namjua kwa undani hivi? Kwa sababu ya mama mkubwa. Sisi Waluguru ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo mama mkubwa si shangazi wa kutembelewa sikukuu, ni mama. Alipooza mguu wa kushoto akiwa mtoto, miaka ya 1950, kijijini huko milimani upande wa Mgeta, miaka 20 hivi kabla ya mpango wa chanjo wa taifa kuanza mwaka 1975. Polio haikumuua, ila ule mguu haukukua kama mwenzake. Ni mfupi kwa sentimita nne, na unyayo wake ni mdogo kwa namba mbili. Sasa tazama: viatu vinauzwa kwa pea. Duka zima, nchi nzima, dunia nzima imekubaliana kwamba mtu ana miguu miwili inayofanana. Ukiwa huna, unakaa nje ya hesabu.

Hospitali moja, sitaitaja, ilimpa miaka ya 1970 kiatu cha chuma na mikanda kilichokuwa na uzito ambao hata mtu mzima mwenye miguu yote angeulalamikia. Alikivaa wiki mbili akakiweka uvunguni. Kuanzia hapo alitembea kwa kuchechemea na fimbo, kiuno kikimuuma, mpaka alipohamia mjini, na mwaka 1989 mtu akamwonyesha yule fundi, wakati huo kijana.

Kazi anayomfanyia sijaiona ikiandikwa popote kwa Kiswahili, kwa hiyo niieleze polepole. Kwanza anachukua karatasi ya mfuko wa saruji, mama mkubwa anasimama juu yake pekupeku, na fundi anapitisha kalamu kuzunguka unyayo. Halafu anaweka vipande vya mbao chini ya mguu wa kushoto, kimoja baada ya kingine, huku mkono wake mmoja uko kwenye nyonga ya mgonjwa (mara ya kwanza, anasema mama mkubwa, aliona haya akataka kuondoka), mpaka nyonga zote mbili zikae sawa. Hapo anahesabu mbao. Kisha wanakwenda sokoni pamoja. Mama mkubwa ananunua pea ya namba 39 kwa ajili ya mguu wa kulia. Mguu wa kushoto unahitaji 37, na hapo ndipo fundi anapofungua gunia lake la mayatima.

Mayatima ni viatu visivyo na mwenzake. Kiroba cha viatu vya mitumba kinapofunguliwa, kazi ya kwanza ya muuzaji ni kuoanisha, na karibu kila mara vinabaki viwili vitatu ambavyo wenzao wamepotelea njiani, Hamburg au Bandari ya Dar es Salaam, Mungu ndiye ajuaye. Wengine huvitupa. Yeye huvinunua kwa bei ya kutupa. Kutoka humo anatafuta kiatu cha kushoto, namba 37, kinachofanana kiasi na kile cha kulia, akikosa anakipaka rangi. Halafu anakata soli yake kwa kisu, taratibu, anaikwaruza kwa msasa, na kuongeza tabaka za soli za kandambili, kwa sababu ni nyepesi. Kisigino anakipa sentimita nne kamili. Mbele anapunguza mpaka mbili, kisha anachonga ncha ipande juu kama mtumbwi. Hili la mtumbwi alilijua mwenyewe baada ya kuona kiatu cha kwanza kikimwangusha mteja: soli nene haikunjiki, kwa hiyo mguu unahitaji kubingirika. Mafundi waliosomea kazi hiyo kwenye chuo cha TATCOT pale KCMC Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981, wanaifanya kwa vipimo na jina la kitaalamu. Mzee hajawahi kufika Moshi.

Kuna jambo la namba hapa ambalo hunifurahisha. Kwenye gunia moja la mitumba kuna lugha tatu za kupima mguu. Namba ya Ulaya huhesabu theluthi mbili za sentimita, ndiyo maana 39 ni kalibu ya sentimita 26. Namba ya Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, urefu wa punje moja ya shayiri, nafaka ambayo Morogoro hatuioti. Na viatu vya skii, kwa mujibu wa mdogo wangu, hupimwa kwa urefu wa mguu wenyewe kwa sentimita, basi. Mzee hasomi hata moja ya hizo. Ana karatasi ya saruji.

Nimesema historia, na tayari nimekaa sana kwenye benchi la fundi. Turudi nyuma.

Morogoro ni mji wa miguu. Kabla ya reli, misafara ya kutoka pwani kwenda Unyamwezi ilipita hapa, chini ya Simbamwene, mji wenye kuta aliouanzisha Kisabengo. Stanley aliupita mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Wapagazi walikwenda peku au kwa ndara za ngozi mbichi walizokata njiani, kipande cha ngozi na kamba mbili. Pwani kulikuwa na makubadhi, kazi nzuri ya mafundi wa ngozi, lakini hayo yalikuwa ya waungwana wa mjini. Mpagazi alikuwa na nyayo zake. Na nyayo hizo zilikuja kupata adui mpya: funza, mdudu wa Amerika ya Kusini aliyevuka Atlantiki kwa meli mpaka Angola mwaka 1872 na, kwa kusafiri na misafara ileile, akawa amefika pwani yetu miaka ya 1890. Mdudu mmoja alivuka bara zima ndani ya vidole vya watu wasio na viatu. Ningekuwa mwandishi wa riwaya ningemfanya yeye ndiye msimulizi.

Ikaja vita ya 1914. Wajerumani, wakiwa wamefungiwa bahari na manowari za Waingereza, walilazimika kujitengenezea viatu hapahapa, kwa ngozi za ng'ombe zilizolainishwa kwa magome ya mikoko kutoka pwani. Majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na mapigano yakahamia milima ya Uluguru, kwenye mvua na matope. Askari wa Kijerumani, yaani Waafrika waliowapigania, walivaa buti na kufungwa vitambaa miguuni. Askari wa KAR upande wa pili, kwa miaka mingi, walipiga gwaride pekupeku. Kwenye picha za zamani ukitaka kujua nani ni nani, angalia chini kwanza. Wapagazi wa pande zote mbili hawakuwa na kitu, na ndio waliokufa kwa wingi. Kariakoo ya Dar es Salaam bado inabeba jina la kikosi chao.

Miaka ya ukoloni wa Kiingereza niipite haraka. Viatu vilikuwa vya karani, mwalimu na katekista. Wengine walivaa makatambuga, yale ya tairi la gari, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiatu bora kuliko vyote kilichowahi kutengenezwa nchi hii. Nani alifikiria kwamba tairi lililochoka barabarani linaweza kwenda tena maili elfu kumi? Nayo ni kazi ya kukibadilisha kitu cha mtumba kikae mguu mwingine, tena bila kuogopa: tairi la lori halikuwahi kuwa la mguu wa mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wa Morogoro wakilisikia hutikisa kichwa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 viwanda vikubwa viliingia mikononi mwa umma, na baadaye serikali ikaamua kujenga vingine vya msingi ili nchi ijitegemee. Morogoro ilipata fungu lake: turubai, ngozi, na kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ulikuwa kitengeneze jozi milioni 4 kwa mwaka. Sensa ya 1978 ilihesabu Watanzania milioni 17 na nusu. Lakini sehemu kubwa ya viatu hivyo ilipangwa isivaliwe na hao. Ilikuwa iuzwe Ulaya, ilete fedha za kigeni.

Haikuuzwa. Kiwanda hakikuwahi kufikia zaidi ya asilimia 4 hivi ya uwezo wake. Kuta zake zilikuwa za bati la aluminiamu bila mfumo wa kupitisha hewa, jambo linalowezekana kwa mtu ambaye hajawahi kukaa Morogoro mwezi wa Desemba saa nane mchana. Vipuri havikuwepo kwa sababu fedha za kigeni hazikuwepo, na fedha za kigeni hazikuwepo kwa sababu, pamoja na mambo mengine, viatu havikuuzwa. Mwaka 1990 uzalishaji ukasimama. William Easterly, mchumi aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia, amekitumia kiwanda hiki kama mfano wa jinsi mashine peke yake zisivyoleta maendeleo, na tangu hapo kila anayetaka kutucheka anakitaja.

Mimi sipendi kucheka pale. Kuta za bati zinasimuliwa kwa sababu ni rahisi kuzisimulia. Kinachonisumbua ni ule mguu waliouwaza wakati wa kuchora mashine. Nani alikuwa amepimwa? Waliwekeza kwenye kalibu za soko la Ulaya, katika mji ambao nusu ya watoto walikwenda shule peku, huku wakiita mpango huo kujitegemea. Wakati huohuo, kwenye maduka ya RTC watu walipanga foleni kwa sabuni na khanga, viatu vya Bora vikitoka siku vikitoka, na vijana walioshona raizoni zao miaka michache nyuma sasa wakiwapelekea mafundi hizohizo zipunguzwe visigino ili ngozi ibaki ya kubandikia kiatu kingine. Fundi wetu alijifunza kazi kipindi hicho cha ukame. Kipande cha ngozi kilikuwa mali.

Nguo na viatu vya mitumba vilikuwepo kwa magendo na kwa misaada ya makanisa. Watu waliviita kafa Ulaya, kwa imani kwamba mwenye navyo wa kwanza amekufa. Mwaka 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi, watu wakatupa bidhaa mitoni usiku. Mwaka uliofuata serikali ikalegeza: mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa, asiulizwe alizipata wapi. Marobota yakaanza kuingia. Ndani ya miaka michache kafa Ulaya ikawa mitumba, neno safi la kibiashara lisilo na maiti ndani yake, na mzee akapata kitu ambacho kiwanda cha jozi milioni 4 hakikumpa: malighafi. Miguu ya Ulaya ilikuja Morogoro hatimaye, ila kwa njia ya kinyume na mpango.

Kuna wanaosema mitumba ndiyo iliyoua kiwanda. Tarehe hazikubali. Kiwanda kilikuwa mgonjwa kabla robota la kwanza halijafunguliwa hadharani. Ila nakubali kwamba mitumba ilihakikisha hakuna kingine cha ukubwa ule kinachozaliwa, na viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walilijua hilo walipokubaliana mwaka 2016 kuondoa nguo na viatu vilivyotumika ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, Washington ikakumbusha kuhusu AGOA, Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafasi ya kuingia Marekani bila ushuru. Nilipomsimulia mzee habari hiyo aliuliza swali moja tu: kama wanataka tusivae vya zamani, hivyo vipya wanatuletea nani?

Vipya vimekuja, na haviko upande wake. Ni vile viatu vyeusi vya shule vya bei nafuu ambavyo soli na mwili vimemiminwa pamoja. Havina uzi, kwa hiyo havina tundu, la zamani wala jipya. Msharasi ukipita vinapasuka. Vikikatika vimekatika. Mabinti wa Kilakala wanavinunua kwa sababu bei ya kubandika soli ya ngozi inakaribia bei ya pea nzima, na siwalaumu. Ningekuwa mzazi mwenye mabinti watatu nami ningefanya hesabu hiyo. Januari hii nilihesabu wateja wake siku nzima ya Jumatatu. Walikuwa saba. Wawili walitaka zipu ya begi.

Kule Kilimanjaro buti za mitumba bado zina heshima. Wapagazi wa Moshi hupanda na buti zilizoachwa na watalii, na tangu mwaka 2003 kuna shirika, Kilimanjaro Porters Assistance Project, linalowaazima bure mavazi ya baridi yaliyotolewa na watu wa nje. Mtu anayebeba kilo 20 juu ya mita 4,000 akiwa na buti iliyomzidi namba mbili anajaza soksi na karatasi mbele, na anateremka na kucha nyeusi. Nimewaona wakiteremka. Miaka zaidi ya mia moja tangu skii za 1912, mlimani bado kuna watu wanaozoea kiatu badala ya kiatu kuwazoea. Kinyume chake ni Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki mbio za skii Nagano mwaka 1998: Nike ilimlipia mazoezi Finland, akafanya mazoezi kwa skii za magurudumu kwenye lami ya Kenya, akamaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie, ambaye alimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Yeye angalau viatu vilimkaa.

Juzi nilimwomba mzee anionyeshe karatasi za mama mkubwa. Anazo zote, zimekunjwa kwenye mfuko wa sandarusi pamoja na za wateja wengine, nyingi za watu ambao wameshafariki. Hazitupi, anasema, kwa sababu hajui zitupwe wapi. Unyayo wa mtu si taka. Za mama mkubwa ni 14. Ya kwanza ni ya 1989. Nilizipanga sakafuni kwa miaka, na nikaona kitu ambacho yeye alikuwa akikijua bila kukisema: mguu wa kulia umetanuka, taratibu, karatasi hadi karatasi, hasa kwenye upinde wa katikati, kwa sababu ndio uliobeba uzito miaka yote kabla hajapata kiatu. Wa kushoto haujabadilika. Pembeni mwa kila karatasi ameandika idadi ya vibao. Vinne, vinne, vinne. Kwenye ile ya mwaka jana ameandika vitatu na nusu. Nilimuuliza kulikoni. Akasema nyonga ya mama yako imezeeka, haitaki tena kusimama wima kabisa, ukiilazimisha itamuuma usiku. Alikuwa amempunguzia nusu sentimita bila kumwambia, na mama mkubwa alikuwa amemsifu kwamba kiatu cha safari hii ni chepesi.

Nilimpelekea vizibo 20 vya plastiki ambavyo mdogo wangu alivitia kwenye bahasha kutoka Innsbruck. Alivigeuzageuza, akauliza ni ubao gani huo wa thamani hivyo kiasi cha kuzibwa matundu yake moja moja. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, hasa pale pa sentimita moja kati ya tundu na tundu. "Sentimita moja ni nyingi," akasema. "Kwenye ngozi siwezi kuipata." Kisha akachukua vizibo viwili akavigonga kwenye kisigino cha kiatu cha mama mkubwa, mahali palipokuwa na misumari ya mwaka jana, akavikata juu kwa kisu vikawa sawa na soli, vilivyobaki akavitia kwenye kopo la misumari.